Tui la Kwanza, Tui la Pili

Nazi moja iliyokomaa, ikikunwa vizuri kwenye mbuzi, hutoa tui mara mbili, na hata mara tatu kwa mpishi asiyependa hasara. La kwanza hukamuliwa kwa maji kidogo ya vuguvugu, likatoka zito na jeupe pe. Machicha hurudishwa bakulini, yakamwagiwa maji mengine na kukamuliwa tena. Hilo la pili ni tui jepesi, na kazi yake ni kuivisha. Zito hukaa pembeni, limefunikwa, likisubiri chakula kikaribie kuiva. Katika kata ya Mtawanya na kwingineko wilayani Kibiti, msichana hufundishwa utaratibu huu kabla hajaachiwa ainjike sufuria peke yake. Akishaushika, ameshika nusu ya mapishi ya pwani: wali, kunde, kisamvu, mihogo, samaki, futari, hadi vitamu vya sikukuu, vyote hupita humo humo.

Kibiti iko kilomita zaidi ya 130 kusini mwa Dar es Salaam, kwenye barabara iendayo Lindi na Mtwara. Ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Rufiji hadi ilipogawanywa katikati ya miaka ya 2010. Upande wa bara ni ardhi ya mchanga yenye mikorosho, miembe, minazi na mihogo. Upande wa bahari ni delta, mahali ambapo mto Rufiji hujigawa kwenye mikono mingi kabla ya kuingia baharini, katikati ya mikoko inayokadiriwa kufika hekta 53,000, msitu wa mikoko mkubwa kuliko mwingine wowote nchini. Nazi na mihogo hutoka juu, mchele na kamba hutoka chini, na vyote hukutana jikoni.

Kila watu wana chakula chao cha namna hii, kile ambacho mtu aliyetoka safari ndefu, aliyeugua au aliyefiwa hutaka apikiwe na mtu wa kwao. Wachaga wana mtori, ndizi zilizopondwa na nyama hadi zikawa uji mzito, ambao mzazi hupewa mara tu baada ya kujifungua. Wapare wana makande. Waganda hufunga matoke kwenye majani ya mgomba, wakayaacha yaive kwa mvuke, kisha wakayala kwa mchuzi wa karanga. Waingereza hutandaza viazi vilivyopondwa juu ya nyama ya kondoo ya kusaga, wakaoka hadi juu pawe na rangi ya kahawia. Ukiviweka pamoja utaona vinafanana kuliko majina yake yanavyodai: wanga uliolainika, mafuta yapatikanayo jirani, na moto wa polepole. Mafuta ya jirani ya Mtawanya ni nazi.

Wali wa nazi unapaswa kutazamwa ukipikwa na anayeujua. Mchele umekwisha kupetwa kwenye ungo, chuya na vijiwe vimetolewa, umeoshwa mara mbili tatu. Tui jepesi linabandikwa na chumvi yake, na mwiko hautoki sufuriani mpaka litokote. Likiachwa bila kukorogwa litakatika, mafuta yakae juu na maji chini. Sababu yake ni kwamba tui ni matone madogo mno ya mafuta yaliyoshikiliwa ndani ya maji na protini za nazi. Joto likikaribia nyuzi 80, protini zile huanza kushikana zenyewe kwa zenyewe na kuyaachia mafuta. Mwiko ukizunguka, matone hayapati nafasi ya kukusanyika.

Kisha mchele unaingia. Maji yakikaribia kukauka, tui zito linamwagwa juu, sufuria inafunikwa, kuni zinavutwa nje, na makaa machache yanapaliwa juu ya kifuniko. Sasa joto linatoka chini na juu, dogo kwa dogo, na mafuta ya tui zito yanashuka polepole punje kwa punje. Lingetiwa mapema, harufu yake ingepotea na mvuke. Wali unaouzwa katika hoteli nyingi za mjini, uliopikwa kwa mafuta ya kula na kupakwa tui kidogo ili uitwe wa nazi, ni chakula kizuri tu, lakini ni chakula kingine.

Chini ya sufuria hubaki ukoko, ambao wengine huuita matandu. Huo ni ugomvi wa watoto. Yule aliyetumwa dukani wakati wa kupakua hurudi akilia, "Mama, ukoko wangu?" Watoto hawa wana wenzao wengi. Nchini Iran sehemu hiyo iliyokauka na kuiva rangi ya dhahabu huitwa tahdig, na mgeni hukatiwa yeye kwanza. Wakorea wana nurungji, ambao huutilia maji ya moto wakanywa. Wahispania huona wali wao wa paella haujakamilika bila socarrat, na Wasenegali hugombea xooñ inayokwanguliwa chini ya sufuria ya wali na samaki, mlo ambao UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2021. Wapishi wa mahotelini siku hizi huutengeneza ukoko kwa makusudi na kuuza ghali.

Wali na kitoweo chake si mambo ya jana katika pwani hii. Mwaka 1331 msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alifika Mogadishu akakirimiwa, na kwa bahati nzuri alikuwa mtu wa kukumbuka alichokula. Aliandika kuhusu wali uliopikwa kwa samli na kuletwa kwenye sinia kubwa la mti, juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Aliletewa pia ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na kando yake maziwa ya mgando pamoja na achari ya ndimu, pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Kutoka huko alishuka hadi Mombasa, halafu Kilwa, njia inayopita mbele ya midomo ya Rufiji. Badilisha samli kwa tui, na sinia lile linaweza kuandaliwa Kibiti leo mchana pasipo mtu kushangaa.

Mchele wenyewe ulitoka mbali. Mpunga ulilimwa kwanza bara Asia, ukaletwa pwani ya Afrika Mashariki na biashara ya bahari zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, pamoja na choroko. Hapo ndipo ilipo asili ya mseto, ule wali uliochanganywa na choroko na tui, laini kiasi cha kuliwa na asiye na meno. Wahindi wana khichdi, mchele na dengu, ambayo humpa mtoto anayeachishwa ziwa na mgonjwa anayeinuka kitandani. Waingereza waliokaa India waliichukua, wakaondoa dengu, wakatia samaki wa moshi na mayai, wakaifanya chakula cha asubuhi kwa jina la kedgeree. Mseto wa Rufiji haujaenda mbali hivyo. Hupikwa siku ambayo kitoweo ni haba, kwa sababu choroko na tui tayari vimo ndani.

Katika delta, mpunga haulimwi kama Mbeya au Morogoro. Sehemu za mikoko hufyekwa, kisha mkulima huutegemea mto. Maji matamu ya mafuriko, ambayo kwa kawaida hufikia kilele karibu na Aprili, huosha chumvi iliyomo kwenye udongo. Maji yakichelewa au yakiwa machache, chumvi hubaki na mpunga hufa. Kaa hukata miche michanga, nguruwe na nyani huja baadaye, na kwa hiyo familia huhamia shambani na kukaa kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, miezi mizima. Juu zaidi, kwenye bonde la mto, kuna kilimo cha mlau: maji yakishapungua, mahindi, kunde na mboga hupandwa kwenye tope lililoachwa nyuma, likiwa bado na unyevu. Kwa hiyo mafuriko yale yale yaliyochukua chakula cha msimu mmoja hulipa kwa chakula cha msimu unaofuata. Katika karne ya 19 mchele wa Rufiji ulikuwa ukipakiwa majahazini kupelekwa Zanzibar. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968 serikali iliwahamisha watu wengi kutoka bondeni kwenda vijiji vya juu, lakini mashamba yalibaki kule kule chini, na watu waliendelea kuyafuata.

Kitoweo ni habari nyepesi zaidi, kwa maana kipo cha kila namna. Kamba wa delta, ambao ni sehemu kubwa ya kamba wote wanaovuliwa Tanzania, hupikwa kwa tui zito na ndimu, wala hawahitaji zaidi. Samaki wa mtoni, kambale na perege, hukaushwa kwa moshi na kusafirishwa. Papa mkavu huchemshwa kwanza kupunguza chumvi, akachambuliwa, ndipo akaungwa nazi. Kisamvu hutwangwa kwenye kinu mpaka jani lisijulikane kuwa jani, kikachemshwa muda mrefu, na tui zito likaingia mwisho. Anayetaka karanga hutia karanga, ila hapo wapishi hawaafikiani.

Mpaka kati ya mlo na kitamu ndio unaovutia hasa katika mapishi haya, kwa kuwa ni mwembamba mno. Mwezi wa Ramadhani huuthibitisha. Mihogo, viazi vitamu, magimbi, maboga na ndizi mzuzu vyote huingia kwenye tui, nyumba hii kwa chumvi na samaki, nyumba ya pili kwa sukari na iliki, na majirani hubadilishana mabakuli magharibi ikiingia. Mbali kabisa, Indonesia, watu hufuturu kwa kolak: ndizi au viazi vitamu vilivyopikwa kwa tui na sukari ya mnazi au ya mkindu wa kwao. Mtu wa Kibiti akipewa kolak pasipo kuambiwa jina atauliza tu ni nani aliyezidisha sukari. Wafilipino nao hupika vivyo hivyo, na mara nyingi huongeza vidonge vya unga wa mchele ndani ya tui lile lile.

Mchele mtamu umeenea karibu dunia yote. Waingereza huupika kwa maziwa katika oveni, wakakwangua kungumanga juu. Wahindi wana kheer, Waturuki sütlaç, na Wairani huutia zafarani ukawa wa manjano, wakaugawa kwa majirani kama nadhiri. Wadenmaki hula risalamande usiku wa Krismasi, wali wa maziwa uliochanganywa na krimu na lozi zilizokatwakatwa. Lozi moja nzima hufichwa ndani, na atakayeipata hupewa zawadi. Ujanja ni kuificha shavuni, ili wengine waendelee kula wakiitafuta.

Pwani ya kusini haikuwa nchi ya maziwa. Mbung'o walizuia ng'ombe, na kwa muda mrefu maziwa yalikuwa kitu cha kununua kopo. Hali imebadilika tangu mwaka 2006 na 2007, wafugaji walipohamishwa kutoka Ihefu na baadhi yao kuja na mifugo yao hadi Rufiji. Ujio huo umeleta maziwa, na umeleta pia ugomvi wa mashamba. Lakini vitamu vya hapa vilikwisha kukamilika bila ng'ombe, na katika hivyo viwili vinasimama mbele: kitumbua na mkate wa kumimina.

Kitumbua huanza jioni. Mchele hulowekwa usiku kucha, ukasagwa na tui, zamani kwa kinu na siku hizi kwa blenda, ukatiwa hamira, sukari na iliki, ukaachwa uumuke. Chuma chake kina mashimo ya mviringo. Tone la mafuta huingia kila shimo, kisha upawa wa uji wa mchele, na kingo zikianza kushika kitumbua hugeuzwa kwa kijiti au kijiko. Kizuri kina ngozi inayokatika kwa mlio na tumbo lenye vitundu vitundu. Kibaya ni unga mtupu, na mara nyingi kosa ni haraka: mchele haukulowana, au haukungojewa kuumuka. Vyuma vya namna hiyo vipo kusini mwa India kwa ajili ya paniyaram, vipo Thailand ambako mchele na tui hufanywa khanom krok, na vipo Denmark kwa ajili ya æbleskiver za ngano. Wauzaji wa vitumbua katika stendi za barabara ya kusini huwahi alfajiri, maana abiria wa mabasi ya kwanza hawapiti mara mbili.

Bokoboko ni la siku chache. Ngano hulowekwa, ikapikwa na nyama usiku kucha, ikapondwa hadi nyama na nafaka visitofautike, ikamwagiwa samli. Lilikuja na Waarabu, nao huliita harisi. Mwaka 2023 UNESCO iliitambua kwa maombi ya pamoja ya Oman, Falme za Kiarabu na Saudi Arabia. Pwani hupikwa kwa Idi na harusi, na upondaji wake ni kazi ya mikono yenye nguvu.

Huo ni upande wa shibe. Upo na upande mwingine, nao hausimuliwi sana kwenye vitabu vya mapishi. Mto ukikataa, au ukizidi, mchele hupotea na muhogo hushika nafasi. Muhogo ulitoka Amerika ya Kusini na Wareno, ukaota kwenye mchanga ambao mpunga usingekaa. Hukatwa, hukaushwa ukawa makopa, hutwangwa na kupikwa bada, ugali mweusi kidogo unaovutika. Katika njaa kali zaidi watu wa kusini waliingia porini kuchimba ndiga, kiazi cha mwituni chenye sumu, ambacho lazima kikatwe vipande vyembamba na kulowekwa kwa siku kadhaa, maji yakibadilishwa, kabla ya kuliwa. Elimu hiyo haikuandikwa popote jikoni, na aliyekosea hatua moja alihatarisha wote waliokula. Bada la nazi na samaki mkavu sasa huliwa na watu wenye uwezo wa kununua wali, kwa hamu.

Sufuria ya Kibiti leo ina matatizo mawili, moja la mto na moja la mti. Mwezi Aprili 2024 maji yalifunika mashamba na makazi Rufiji na Kibiti, na kaya nyingi zikahamia maeneo ya juu. Wakati huo huo, juu ya mto, Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, lililoanza kujazwa Desemba 2022, limeanza kuamua ni maji kiasi gani yashuke na lini. Kwa mkulima wa mlau, swali hilo linahusu kunde za mwaka ujao. Kwa mkulima wa delta, linahusu chumvi.

Mti una ugonjwa wake. Minazi ya pwani ya Tanzania, hasa kusini mwa Dar es Salaam, imeuawa kwa wingi na maradhi ambayo huanza kwa kudondosha nazi changa, yakaendelea kwa majani kugeuka manjano, na mwisho kilele chote kikaanguka pakabaki nguzo. Kisababishi chake ni kijidudu kinachoishi ndani ya mishipa ya mti, na dawa ya kuuponya mnazi shambani haijapatikana. Mpango wa taifa wa kuendeleza minazi ulianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Ujerumani, na utafiti wake uliendelezwa Mikocheni, Dar es Salaam. Wakati huo huo minazi mizee imekuwa ikikatwa mbao. Ndiyo maana nazi sokoni haitiwi tena kapuni kwa kujaza jaza. Mama wa nyumbani huitikisa sikioni, akahesabu.

Kwa hiyo njia za mkato zimeingia. Kuna tui la kopo na la pakiti, kuna unga wa nazi, na kuna karanga zilizosagwa zinazoshika nafasi ya nazi kwenye mboga. Kwa kunde na kisamvu karanga zinakubalika kabisa. Kwa wali hazifai, na kwa vitumbua hazifikiriki. Tui la kopo linafaa kama tui zito la mwisho, lakini ukilitumia kuivishia huwa limepotea bure. Afadhali mchele uive kwa maji na chumvi, na kopo lifunguliwe maji yakikauka.

Majiko nayo yamebadilika, na mkate wa kumimina, kile kitamu cha pili, ndio uliosumbuliwa zaidi na majiko mapya. Uji wake ni ule ule wa vitumbua, ila mzito kidogo na wenye ute wa yai, na humiminwa wote kwa mkupuo kwenye sufuria iliyopashwa na kupakwa mafuta. Chini ukishashika, mpishi wa zamani aliigeuza sufuria nzima kifudifudi juu ya makaa, mkate umeng'ang'ania ndani, ili uso wake uive rangi. Mwenye jiko la gesi hawezi kufanya hivyo kwa usalama. Wengine huumalizia ndani ya oveni kwa moto wa juu. Wasio na oveni hufunika sufuria na kuacha moto mdogo sana mpaka ukolee, wakakubali uso mweupe. Na wapo wanaoweka kigae cha mkaa uani kwa ajili ya dakika hizo chache tu, hata kama chakula kingine chote cha siku hiyo kimepikwa kwa gesi.